Mwanamke Asafiriye Peke Yake Ng'ambo

Mama mmoja wa Ifakara, aliyeingia katika Uislamu si miaka mingi iliyopita, ameuliza swali ambalo laulizwa na wengi. Binti yake mwenye umri wa miaka 23 amepata ahadi ya kazi ya nyumbani mjini Muskati. Aliyeleta habari hiyo ni mwanamke ambaye wanamjua kwa jina moja tu. Mwanamke huyo amesema kwamba pasipoti, viza na tiketi vitashughulikiwa vyote, wala binti hatatoa hata senti moja. Jamaa mmoja amemwambia mama huyo kuwa safari hiyo ni haramu, kwani binti hana maharimu wa kufuatana naye. Jamaa wa pili amemwambia aondoe wasiwasi, kwa sababu Oman ni nchi ya Waislamu, na mwenye kumtegemea Mungu hana haja ya kuulizauliza mambo ya karatasi. Mama auliza: Nimfuate yupi?

Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yana upungufu, na lile la pili ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Hebu tuyatazame moja moja.

Maharimu ni mume, au ndugu wa karibu ambaye sheria haimruhusu kamwe kumwoa mwanamke huyo, kama vile baba, kaka, mwana, ami au mjomba. Ni kweli kwamba zipo Hadithi sahihi ambamo Mtume Mtukufu s.a.w. amemkataza mwanamke kusafiri bila maharimu. Nyingine zataja mwendo wa siku moja, nyingine siku mbili, nyingine siku tatu. Hatuzifichi Hadithi hizo, wala hatuna sababu ya kuzionea haya. Lakini asomaye Hadithi moja na kuiacha ya pili hajasoma. Katika Bukhari imo habari ya Adi bin Hatim r.a., aliyekuwa mkuu wa kabila la Tayy. Siku moja alikuwapo mbele ya Mtume s.a.w., wakaja watu, mmoja akilalamikia ufukara na mwingine akilalamikia wanyang'anyi wa njiani. Mtume s.a.w. akamwambia Adi kwamba kama maisha yake yatakuwa marefu, atamwona mwanamke akisafiri kutoka Hira, mji wa Iraki, mpaka aizunguke Kaaba, wala asiogope yeyote ila Mwenyezi Mungu. Adi alijiuliza moyoni: wanyang'anyi wa kabila langu watakuwa wapi siku hiyo? Baadaye yeye mwenyewe alishuhudia kwamba jambo hilo ameliona kwa macho yake.

Je, Mtume s.a.w. aliitaja safari ya mwanamke huyo kama aibu au kama neema? Bila shaka aliitaja kama neema, na dalili ya nchi iliyopata amani. Basi yabainika kwamba katazo la kusafiri bila maharimu lilikuwa na shabaha, nayo ni kumhifadhi mwanamke katika njia zilizojaa hatari. Ndiyo maana maimamu wakubwa hawakusema neno moja katika jambo hili. Imam Abu Hanifa alimshurutisha maharimu kwa safari ndefu. Imam Malik na Imam Shafi walimruhusu mwanamke kwenda kuhiji Hija ya faradhi pamoja na wenzi wanaoaminika. Walihitilafiana juu ya kitu gani chatosha kumletea usalama. Kwamba usalama lazima uwepo, juu ya hilo hawakuhitilafiana hata kidogo.

Sasa tumgeukie jamaa wa pili, asemaye kwamba mwenye kumtegemea Mungu hahitaji kuulizauliza. Amsome bibi Hajira. Nabii Ibrahim a.s. alipomwacha pamoja na mtoto mchanga katika bonde lisilo na mmea wala jirani, bibi huyo alimwuliza kama hiyo ni amri ya Mungu. Alipoambiwa ndiyo, aliridhika kwamba Mungu hatawapoteza. Nani basi awezaye kumpita katika kumtegemea Mungu? Lakini maji yalipokwisha hakuketi kungoja. Alikimbia kati ya Safa na Marwa mara saba akitafuta msaada, na mpaka leo mahujaji hukimbia mahali pale pale alipokimbia yeye. Kisha Mungu akamtolea Zamzam, na hapa ndipo lilipo jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Watu wa kabila la Jurhum, wageni kabisa kwake, waliona ndege wakizunguka juu ya maji, wakaja kumwomba ruhusa ya kukaa hapo. Mwanamke yule, aliye peke yake na mtoto, aliwakubalia, lakini kwa sharti: wakae, ila haki ya maji isiwe yao. Nao wakakubali. Huo ni mkataba kati ya mwanamke mmoja na kabila zima. Alikuwa mkarimu, lakini kile ambacho uhai wake ulikitegemea hakukitoa mkononi mwake.

Kwa mwanamke aendaye Muskati, Dubai au Riyadh, maji hayo ni pasipoti yake.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania wafanyao kazi za nyumbani katika Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuwahoji wafanyakazi 50. Karibu wote walisema kwamba pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri au mawakala. Wengine walifanya kazi mpaka saa 21 kwa siku, wengine hawakulipwa, wengine walipigwa au kufanyiwa jeuri ya kijinsia. Waliotaka kuondoka walidaiwa kwanza warudishe gharama za kuwaleta. Hapo ndipo ile ahadi ya kutotoa hata senti moja inapoonyesha sura yake, kwani aliyelipiwa kila kitu huhesabiwa kuwa mdaiwa. Na kwa kuwa viza ya mfanyakazi hufungwa kwa jina la mwajiri, kwa utaratibu uitwao kafala, anayetoka nyumbani humo bila ruhusa aweza kushtakiwa kuwa mtoro hata kama amekimbia mateso.

Hatusemi kwamba kila nyumba ya huko ni nyumba ya dhuluma. Wapo waliokwenda, wakalipwa haki yao, wakarudi wakajenga. Wala serikali za huko hazikunyamaza kabisa. Oman ilitangaza tangu 2006 kwamba mwajiri haruhusiwi kuzuia pasipoti ya mfanyakazi, na Falme za Kiarabu zilitunga sheria ya wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2017, kisha nyingine mwaka 2022, inayompa mfanyakazi siku moja ya mapumziko kila juma na haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Lakini sheria iliyo kitabuni haimfikii mwanamke aliyefungiwa mlango, asiye na simu, na ambaye hakuna mtu wa nje ajuaye yuko nyumba gani.

Ama hoja ya kwamba ni nchi ya Waislamu, twawaomba ndugu zetu wapya waisikilize habari ya Ummu Salama r.a. Jamaa za mumewe na jamaa zake walipogombana juu yake, alitengwa na mume aliyekwisha hamia Madina, na hata mtoto akanyang'anywa. Alilia yapata mwaka mzima. Alipoachiwa, alimpakata mtoto juu ya ngamia akashika njia peke yake, safari ya kilometa zaidi ya 400, karibu sawa na kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam. Mahali paitwapo Tanim alikutana na Uthman bin Talha, akamwuliza kama hana wa kufuatana naye. Akajibu kwamba hana ila Mungu na mtoto wake. Uthman alishika hatamu ya ngamia. Kila walipotua, alimpigisha ngamia magoti, akasogea mbali mpaka bibi ateremke, akamfunga ngamia, kisha akaenda kulala chini ya mti mwingine. Walipofika Kuba alimwonyesha kijiji alipo mumewe, akarudi zake Makka. Ummu Salama alimsifu maisha yake yote.

Uthman bin Talha siku hiyo hakuwa Mwislamu. Alisilimu miaka kadhaa baadaye. Twalitaja hili kwa makusudi. Muungwana alimhifadhi mwanamke mgeni hali bado yu katika dini ya masanamu, na leo wapo watu wenye majina ya Kiislamu wanaofungia pasipoti ya yatima kabatini kisha wakatandika msala. Jina la nchi au la mwajiri si dhamana. Kurani Tukufu (4:59) yaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na mwanamke aliyeingia nyumbani mwako kutafuta riziki ni amana, pamoja na hati zake na ujira wake.

Basi tumwambie nini mama huyu? Tuliangalie swali upya: maharimu alikuwa akifanya kazi gani safarini? Alijua mwanamke yuko wapi, alisikia maneno ya mapatano, aliweza kuuliza, na alikuwa na njia ya kumrudisha nyumbani. Akikosekana mtu wa kufuatana naye, kazi hizo hazifutiki. Lazima zifanywe kwa njia nyingine, na kama hakuna wa kuzifanya, safari isiwepo.

Wazee wa bonde la Kilombero walilijua jambo hili. Kabla ya daraja kujengwa, aendaye Mahenge au Malinyi alivuka mto kwa pantoni au kwa mtumbwi, na wakati wa masika maji huenea bondeni kama bahari. Mwanamke akivuka, aghalabu mtu wa upande huu alijua kaingia mtumbwi gani, na mtu wa ng'ambo alimngojea. Asipotokea, mwenye mtumbwi aliulizwa. Kiswahili chaziita nchi za mbali kwa neno hilo hilo, ng'ambo, lakini sisi twawavusha mabinti zetu mwendo wa saa tano au sita kwa ndege bila kumjua mwenye mtumbwi wala anayengojea upande wa pili.

Mama aanze na huyo mwanamke wa jina moja. Wakala wa kupeleka watu kazini ng'ambo hana budi awe na leseni ya serikali. Ukweli wa leseni huulizwa katika ofisi ya kazi au kwa TaESA. Kisha adai mkataba ulioandikwa kwa lugha ambayo binti aisoma, wenye jina kamili la mwajiri, mahali nyumba ilipo, mshahara, saa za kazi na siku ya mapumziko. Mtu asione ni ukosefu wa adabu kudai maandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu (2:283) yahusu kuandika deni mbele ya mashahidi, na yatuagiza tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Kama viza ni ya matembezi na si ya kazi, jambo limekwisha, asiende.

Mji wa kwanza wa ugeni kwa binti wa Ifakara si Muskati, bali ni Dar es Salaam. Wengi hunaswa hapo hapo: huwekwa katika nyumba ya kungojea safari, wakaombwa pasipoti ili itunzwe. Afike mchana, apokewe na jamaa anayejulikana, na akiambiwa alale kwa mtu asiyemjua, arudi. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu yamkamata hata anayeanza udanganyifu wake humu humu nchini.

Nakala za pasipoti na mkataba zibaki Ifakara kwa mama, na nyingine kwa mtu wa pili. Namba ya simu ya ubalozi wa Tanzania ulioko Muskati binti aihifadhi kichwani, kwa maana simu hunyang'anywa. Wapatane siku moja ya juma ya kupiga simu. Majuma mawili yakipita kimya, mama asingoje la tatu, aende polisi na wizarani akiwa na nakala zake. Wawe pia na neno la siri la kuonyesha kwamba mambo ni mabaya. Neno hilo lisiwe la Kiswahili, kwani watu wengi wa Oman wajua Kiswahili vizuri. Liwe la Kipogoro au Kindamba. Na nauli ya kurudi isitegemee mshahara, bali iwekwe kabla hajaondoka. Kama fedha hiyo haipatikani, ni heri angoje mavuno ya mpunga.

Twaongeza jambo moja kwa wanaume wa Ifakara. Mji wenu pia ni mji wa ugeni. Wanawake kutoka mbali huja peke yao, wengine katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, wengine katika taasisi ya utafiti wa afya iliyoanzishwa na Waswisi. Mwanamke ashukapo usiku kwenye basi au gari la moshi, asijue njia, huwa anampata Uthman bin Talha?

Na mama ajue kwamba mabinti wengi huvumilia mateso kwa kuogopa kicheko cha nyumbani, kwamba fulani amerudi mikono mitupu. Amwambie binti yake waziwazi, kabla hajapanda basi, kwamba akirudi baada ya wiki moja bila hata kanga mpya atapokewa vilevile, wala hataulizwa fedha ziko wapi. Kwa sasa amwombe yule mwanamke aandike jina lake lote na namba ya leseni, kisha atuandikie amejibiwa nini.