MTOTO NA MIWANI YAKE
Somo kwa wazazi na kwa wote waleao watoto



Mtoto asiyeona vizuri mara nyingi hasemi: «Sioni.» Atasemaje? Tangu kuzaliwa hakuona kwa macho mengine ila yake. Adhani watu wote huyaona maandiko ya ubaoni kama kundi la siafu. Basi mwalimu humwita mvivu, wenzake humwita mjinga, na baba yake hufikiri kwamba karo imepotea bure. Kumbe hakupungukiwa na akili. Macho yake ndiyo yahitajiyo msaada.

1. Dalili zake

Mwangalie mtoto wako. Je, asogeza kitabu karibu na pua? Akaza macho atazamapo mbali? Ainamisha kichwa upande mmoja? Alalamika kwamba kichwa kinamwuma baada ya kusoma? Jicho lake moja latazama kando? Mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa mganga wa macho apimwe.

Lakini jicho likiwa jekundu lenye usaha, au mboni ikionekana nyeupe, au mtoto akianza kuona vibaya ghafula, msingojee miwani. Apelekwe hospitali upesi, maana hayo ni magonjwa mengine. Yako yawezayo kuua jicho, hata kumwua mtoto mwenyewe.

2. Kazi ya miwani

Nuru huingia kwa mboni, hukusanywa, kisha huangukia utando ulio nyuma ndani ya jicho. Hapo ndipo sura ya kitu hupokewa. Jicho likiwa refu mno, nuru hukutana kabla ya kuufikia utando: mtoto asoma kitabu vizuri, lakini ubao hauoni. Jicho likiwa fupi mno, nuru hufika utandoni kabla haijakutana: kutazama vitu vya karibu humchosha. Kioo cha miwani huipinda nuru kidogo, ili ikutane mahali pake. Wa kwanza hupewa kioo chembamba katikati. Wa pili hupewa kioo kinene katikati.

Tena jambo hili halitaki kucheleweshwa. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka yake ya kwanza. Jicho moja likileta sura hafifu siku zote, ubongo huzoea kuliacha, nalo hubaki dhaifu hata kama halina kidonda. Matibabu hufaa zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Aliyepita umri huo naye asiachwe, bali kadiri tukawiavyo, ndivyo kazi izidivyo kuwa ngumu.

3. Maneno ya watu

Wengine husema: «Miwani huharibu macho.» Sivyo. Mtoto akiivua huona ukungu, kwa sababu sasa amejua kuona wazi ni nini. Ukungu huo alikuwa nao tangu zamani.

Wengine husema: «Ni majivuno tu, mambo ya siku hizi.» Nayo si kweli. Mwaka 1306, mtawa Giordano da Pisa, wa shirika la Mtakatifu Dominiko, alihubiri mjini Florence, katika nchi ya Italia, akaisifu kazi ya kutengeneza miwani, iliyovumbuliwa chini ya miaka 20 kabla ya siku ile. Miwani ile ya kwanza iliwasaidia watu wazima kusoma. Ya kuwasaidia wasioona mbali ilifuata katika karne ya 15.

4. Namna ya kumzoeza

Mtoto mmoja arudi nyumbani analia: «Mama, sitaki tena kwenda masomoni. Wananiita Macho Manne.» Mama asimkemee, wala asiseme kwamba ni jambo dogo, maana kwa mtoto si dogo. Amwulize kwa upole: «Mwanangu, leo ulisoma nini ubaoni?» — «Nilisoma yote, mama.» — «Na juma lililopita?» Mtoto atanyamaza, na katika kunyamaza kwake atapata jibu mwenyewe.

Mwalimu naye ana kazi yake. Alieleze darasa lote kwamba miwani ni chombo cha kazi, kama jembe mkononi mwa mkulima. Kisha amkataze kwa uthabiti kila amwitaye mwenzake kwa jina la dhihaka. Nyumbani, mzazi aliyepewa miwani aivae mbele ya watoto wake, wala asiifiche.

Mtoto mwenyewe achague rangi ya miwani yake, ikiwezekana. Akiivua kila mara, msimpige. Kwanza ulizeni sababu. Labda inambana nyuma ya masikio. Labda inateleza, maana miwani mingi imetengenezwa kwa pua nyembamba iliyoinuka. Ombeni ilinganishwe na uso wake, au fungeni uzi laini nyuma ya kichwa.

Siku za kwanza ardhi huweza kuonekana kama imeinama, na kichwa huuma kidogo. Kwa kawaida hayo hupita baada ya juma moja au mawili. Yasipopita, rudini kwa mganga.

5. Utunzaji wake

Mtoto aivue kwa mikono miwili. Aioshe kwa maji safi na sabuni, aikaushe kwa kitambaa laini cha pamba. Asiifute ikiwa na vumbi kavu, maana vumbi hukwaruza kioo. Akiiweka mezani, vioo vielekee juu. Asimwazime mwenzake, kwa kuwa kila jicho lina kipimo chake. Vioo vya plastiki vyamfaa mtoto, maana havivunjiki upesi. Apimwe tena kila mwaka, kwa sababu macho yake yanakua pamoja naye.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilisema kwamba kati ya watu 100 wasioona mbali ambao miwani ingewafaa, 36 tu ndio walioipata iliyo sawasawa. Basi miwani iliyopatikana kwa taabu isilale sandukuni kwa ajili ya kicheko cha watu.

Maswali

1. Kwa nini mtoto hasemi kwamba haoni?
— Kwa sababu adhani watu wote huona kama yeye.

2. Je, miwani huharibu macho?
— Hapana. Huikusanya nuru mahali pake.

3. Kwa nini tusikawie?
— Kwa sababu jicho lililoachwa katika utoto huweza kubaki dhaifu maisha yote.

4. Akichekwa, nani amtetee?
— Mzazi nyumbani, mwalimu darasani, na kila mmoja wetu njiani.