Maana ya Neno "Mwenyeji"

Mwezi huu na tulitazame neno mwenyeji. Asili yake ni maneno mawili, mwenye na mji. Yaani mtu aliye na makao mahali fulani. Lakini lina kazi mbili. Mwenyeji ni mzalia au mkaaji wa mahali. Tena ni yule apokeaye mgeni. Ndiyo maana wazee husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Katika nchi ya Rufiji neno hili ni zito. Mndengereko wa Kibiti, Mrufiji wa bondeni, na Mnyagatwa wa deltani penye mikoko, kila mmoja husema, "Mimi ni mwenyeji." Hata hivyo, baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi wa bondeni, wakakaa katika vijiji vipya vya sehemu za juu. Waliokuwa wenyeji wakawa wageni. Tena, tangu miaka ya 2006 na 2007, wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu walifika na ng'ombe wao, na ugomvi wa mashamba na malisho ukatokea. Ndipo mkulima akasema, "Huyu si mwenyeji," akidhani neno hilo limekwisha kukata shauri.

Tusidharau kilio cha mkulima. Shamba lililoliwa na ng'ombe ni njaa nyumbani, na hasara hiyo yapasa kulipwa. Lakini adai kwa sababu amedhulumiwa, si kwa sababu amezaliwa hapa. Mfugaji naye akidhulumiwa, haki ni ile ile. Soma Walawi 24:22: sheria ni moja kwa mgeni na kwa mzalia.

Kisha soma Waefeso 2:19. Wafasiri wa Biblia ya mwaka 1952 waliweka pale neno hili hili, wenyeji. Mtume anawaandikia watu waliokuwa mbali. Hawakupata wenyeji wao kwa kuzaliwa, wala kwa matendo. Walipokewa kwa neema tu. Basi, aliyepokewa hivyo awezaje kumfungia mwenziwe mlango?

Jumapili ijayo, akiingia kanisani mtu usiyemjua, usianze kumwuliza kabila lake. Mpe nafasi karibu nawe, na baada ya ibada umkaribishe nyumbani. Hapo utakuwa mwenyeji kwa maana zote mbili.