Mama akiniona na utepe anafunga mlango

Mpendwa Mbeba Mkoba wa Kilosa,

Kwanza pole na miguu. Kuzunguka kitongoji kizima na mkoba begani, jua la utosi, halafu mlango ufungwe zikiwa zimebaki hatua chache uufikie, ni adhabu. Unasema ulisikia komeo likisukumwa, ukasikia na mtoto akikohoa ndani, na hodi zako tatu hazikuitikiwa.

Kwa wasomaji wengine: huyu mdogo wangu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Alipewa mafunzo, akapewa mkoba, kitabu cha picha na ule utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto. Kuna mtoto wa miezi 14 aliyempima akapata sentimita 12.2, mwezi uliofuata akapata 11.8. Akamwambia mama yake pale pale kisimani, mbele ya wanawake wenzake, kwamba mtoto anaelekea kwenye nyekundu, “ili na wenzake wapate fundisho.” Tangu siku hiyo mlango haufunguki. Anachouliza ni hiki: amripoti mama huyo kwa mtendaji wa kijiji apigwe faini? Na kina mama hawa ni wabishi, au hawajaelimika?

Faini hapana. Na si wabishi, wala si wajinga. Ila kabla sijakusema, kuna jambo lisilosubiri.

Mtoto wa 11.8 yuko kwenye njano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na nyekundu ni zahanati siku hiyo hiyo. Aliyeshuka milimita nne kwa mwezi mmoja huenda sasa hivi ameshavuka, wewe umenuna nje na mama yake amenuna ndani. Mpango wa wahudumu uliozinduliwa Januari 2024 umepanga wahudumu wawili kwa kila kitongoji, mwanamke na mwanamume. Kama kwenu yupo wa pili, aende yeye, leo. Kama hayupo, mtafute mtu ambaye mama huyo anamheshimu na hamwogopi. Na mtoto akipatikana, abonyezwe miguu yote miwili kwa kidole gumba, sekunde tatu. Vikibaki vishimo, ni zahanati hata kama utepe unasoma kijani. Uvimbe ule huwadanganya wengi, mtoto anaonekana kanenepa.

Haya, sasa vuta kiti.

Wewe umezaliwa Kilosa, usiniambie hujui neno kubemenda. Mtoto anayenyonya akikonda, ndimi zinaanza kazi: wazazi wamerudiana kitandani mapema, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Hakuna anayeuliza mtoto alikula nini jana. Sasa piga picha: mwanamke amesimama na ndoo yake, amezungukwa na majirani, nawe unamtangazia kwamba mwanawe anaelekea kwenye nyekundu. Ulichosema wewe ni milimita. Walichosikia wao ni habari za chumbani kwake. Kama mama mkwe wake alikuwepo, au alipelekewa habari jioni, hebu fikiria ule usiku ulivyokuwa. Mimi ningekuwa yeye ningefunga mlango, kisha ningeegemeza na kinu.

Nisieleweke vibaya, sisemi uende ukawatukanie imani yao. Wazee walipokataza, nia mojawapo ilikuwa mtoto asiachishwe ziwa mapema kwa sababu ya mimba nyingine, na hilo lina akili yake. Tatizo ni kwamba mkono mwembamba wa mtoto umegeuzwa ushahidi dhidi ya mama yake, na utepe wako, bila wewe kukusudia, umeingia upande wa mashtaka.

Ndiyo maana faini siitaki. Najua kuna vijiji vyenye sheria ndogo za kuwatoza kina mama wasiokwenda kliniki. Siku ya kupima mahudhurio yatapanda, nakubali. Lakini yule aliyekonda hasa, unayemtafuta wewe, usiku wa kuamkia siku hiyo atapelekwa kwa bibi yake kijiji cha pili.

Nije kwenye hilo la elimu. Umeandika kwamba makundi ya chakula wanayajua kwa moyo, ukiwauliza wanaitikia kama kwaya. Basi elimu wanayo! Ukiwarudishia wimbo ule ule kila mwezi utawachosha tu. Mimi ningeuliza mengine. Msimu wa palizi mama anatoka saa ngapi, na mtoto anabaki na nani? Kama anabaki na dada yake wa miaka saba, uji uliopikwa alfajiri unamfikia saa ngapi, na ukoje? Jioni sufuria ikiepuliwa, nani anapakuliwa kwanza? Pesa ya ufuta ikija, inakaa mfuko wa nani?

Uji nao utazame kwa macho. Tumbo la mtoto wa miezi minane linabeba kama mililita 200, kikombe cha chai tu. Ukimjaza uji mwepesi umemjaza maji. Ameshiba, ameacha kulia, na hana alichopata. Huyu wa miezi 14 tumbo limeongezeka kidogo na mahitaji yameongezeka zaidi. Chota uji kwa kijiko, kiinamishe. Ukichuruzika kama maziwa, huo bado. Ukikaa kijikoni na kudondoka taratibu, hapo sawa, na karanga zilizotwangwa laini ziingie, au dagaa waliosagwa. Mtoto wa umri wake anayenyonya anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati, na ziwa liendelee. Mara tatu au nne! Mwambie hivyo mtu anayerudi kutoka shambani saa kumi jioni na kuni kichwani, halafu umsikilize anachokujibu. Hicho atakachokujibu ndicho chanzo cha tatizo lako.

Wenzako waliligundua hili zamani, tena si mbali na hapo. Mwaka 1983 serikali, pamoja na UNICEF na WHO, ilianza mradi wa lishe mkoani Iringa. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na matokeo hayakuishia kwenye faili la mgeni. Yalijadiliwa kijijini: wangapi wameshuka, kwa nini, tufanye nini kwa tulichonacho, na baada ya miezi mitatu tunatazamana tena. Wakaona kwamba kazi zinamlemea mama hata hapati nafasi ya kumlisha mtoto mara za kutosha, na vijiji vikaanzisha sehemu za kulishia watoto mchana. Mtazamo ule wa Iringa ndio ulioingia kwenye mwongozo wa UNICEF wa mwaka 1990 kuhusu vyanzo vya utapiamlo, ambao dunia nzima inautumia. Kwa hiyo usijione mnyonge ukiuliza “kwa nini” chini ya mwembe, swali hilo lilitoka huku kwetu.

Na Iringa hiyo hiyo ikufundishe la pili. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa, mkoa wa mahindi na viazi, ilikuwa kama 57. Sasa wewe umeandika, tena kwa kujisifu kidogo, kwamba watoto wako wengine wote ni kijani, “kwa hiyo huyu ndiye tatizo pekee.” Taratibu, mdogo wangu. Utepe unaonyesha aliyekonda sasa. Udumavu hauuoni kabisa. Ule unatafutwa kwa ubao wa kupimia urefu, ukilinganisha na umri. Mtoto anaweza kuwa na mkono wa kijani huku akiwa mfupi kuliko umri wake. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ikifika, ulizia ubao huo uko wapi. Nisingeshangaa ukiukuta stoo umeegemezwa nyuma ya magunia.

Sasa uanzie wapi? Nikupe kisa cha Vietnam. Mwaka 1990 Jerry na Monique Sternin wa shirika la Save the Children walikwenda huko, na serikali ikawapa miezi sita waonyeshe matokeo. Muda wa kujenga chochote haukuwepo. Katika vijiji vya mkoa wa Thanh Hoa wakauliza swali la ajabu kidogo: je, kuna watoto wa familia maskini kabisa ambao wamestawi? Walikuwepo. Wakaenda kutazama jikoni kwao. Wale kina mama walikuwa wakiokota uduvi na kaa wadogo mashambani kwenye mpunga, wakawachanganya na matembele kwenye chakula cha mtoto, na wakamlisha mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo. Majirani waliviona vyakula hivyo havimfai mtoto. Basi hapakuwa na mhadhara. Kina mama walialikwa kupika pamoja, na kiingilio kilikuwa kila mmoja aje na uduvi wake na majani yake mkononi.

Kwenu yupo mama wa namna hiyo. Mume hana mshahara, paa ni la nyasi, na mtoto anacheka na mashavu yake. Mtafute. Labda anachuma majani ya kunde kila jioni, labda ameachiwa kuku mmoja ambaye mayai yake hayauzwi, labda mumewe ndiye anayebaki na mtoto yeye akienda kisimani. Mwombe awapikie wenzake nyumbani kwake, kila mmoja aje na kiganja cha alichonacho. Wewe siku hiyo chochea kuni, kitabu cha picha kibaki kwenye mkoba.

Kwa yule aliyefunga mlango, nenda jioni, bila sare. Anza na mama mkwe: shikamoo, habari za mbaazi, habari za mgongo. Kisha mwombe mama msamaha, na wakati huu ikiwezekana mama mkwe asikie, kwa kuwa na aibu aliipata hadharani. Usimweleze kwamba nia yako ilikuwa njema, anajua. Halafu mpe utepe aushike yeye. Mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono umening'inia, utepe umegusa ngozi bila kubana. Asome mwenyewe. Nchini Niger kina mama walifundishwa kupima watoto wao, na wakaonekana hawapungukiwi mbele ya wahudumu. Rangi atakayoisoma mwenyewe hawezi kudhani umemsingizia. Na ikisoma nyekundu, msindikize zahanati wewe mwenyewe, umbebee hata mtoto.

Nilitaka kuishia hapo, lakini mwisho kabisa wa barua, kwa mwandiko mdogo, umeongeza kwamba nyumbani unauza unga wa lishe wenye vitu kumi na viwili, kilo shilingi 5,000, na unashangaa kwa nini kina mama “hawaufurahii.” Dada, hili ulilificha mpaka mwisho! Mtu anampima mtoto, anatangaza nyekundu inakuja, halafu ana dawa yake ya kuuza ndani ya ndoo. Ningekuwa mteja wako ningeamini utepe unabadilika rangi kwa bei. Tena vitu kumi na viwili vya nini? Mahindi, ulezi, mtama, uwele na ngano ni nafaka tupu, ukizipanga tano hazijawa makundi matano. Nafaka moja na karanga inatosha kuanzia. Ila karanga hizo na mahindi viwe vimekauka sawasawa, na zilizoota ukungu zitupwe, maana sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Biashara sikukatazi, posho najua. Lakini unga huo mpe dada yako auuzie gulioni, na kwenye nyumba unazopima usiutaje hata kwa kuulizwa.