Zahanati ya Kijiji na Fungu la Maskini

Katika somo hili twataka kuliangalia jambo moja lililo karibu nasi sana, nalo ni hili: kwa nini dawa ya Serikali humfikia mtu huyu, na jirani yake haimfikii, hali wote wawili wamo chini ya sheria moja? Tutachukua mfano wa Nassa, katika wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, pale nchi ya Wasukuma inapoteremka mpaka Ghuba ya Speke. Wenye kukaa mbali na ziwa wasidhani kwamba habari hii haiwahusu, maana sheria tutakazozitaja ni za Tanzania Bara yote, na maskini wako kila mahali.

Kwanza yafaa tujue njia iliyopitiwa. Mwaka 1909 misioni ya Nassa, iliyokuwa ya CMS, iliwekwa mikononi mwa Africa Inland Mission. Mwaka 1913 misioni hiyo ilianza kazi ya kuuguza huko Kolandoto, karibu na Shinyanga. Walioweza kufika walipata msaada. Lakini kutoka Nassa mpaka Kolandoto ni mwendo wa siku nyingi kwa miguu, na mgonjwa mahututi hawezi mwendo wa siku nyingi. Hapo twaiona tofauti ya kwanza kati ya mtu na mtu, nayo haikuwa ya fedha bali ya miguu. Upande wa Serikali ya wakoloni, hospitali nzuri ziliwekwa mijini, tena zikagawanywa kwa rangi ya watu. Mtu wa shamba alipata kilichobaki.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali iligeuza mpango. Fedha zilizokuwa zikimezwa na hospitali kubwa za mijini zilianza kuelekezwa kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Mwaka 1973 ikaja ile kampeni ya redio iitwayo Mtu ni Afya, ambayo wazee wengi wangali wakiikumbuka. Watu wapata milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma kijitabu, wakazungumza juu ya malaria, kuhara damu, kichocho na mengineyo. Kisha wakaondoka hapo wakaenda kuchimba vyoo. Twapenda kulitia mkazo neno hili, kwa sababu siku hizi wako wasemao kwamba mtu wa kijijini hawezi mambo ya afya mpaka aamriwe.

Lakini nchi ilipoishiwa fedha, mpango ule ulidhoofika. Tangu mwaka 1993 wagonjwa walianza kutozwa fedha katika hospitali za Serikali, hiyo ndiyo iliyoitwa uchangiaji. Serikali ilijua kwamba wengine hawataweza kulipa, ikaweka misamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 yawataja wazi: mama mjamzito, mtoto aliye chini ya miaka mitano, mzee aliyepita miaka sitini naye hana uwezo, na wenye magonjwa kadha wa kadha ya kudumu. Mwaka huo huo ulianza mpango wa kuweka zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, wanakijiji wakijenga kuta kwa nguvu zao na Serikali ikimalizia.

Labda msomaji atasema, basi yamekwisha, kwa kuwa msamaha umeandikwa. La, hayajakwisha. Mama mjamzito afikapo zahanatini asitozwe senti, kisha aambiwe kwamba dawa hakuna, akanunue dukani, je, amesamehewa nini? Naye mzee asiye na uwezo hupewa msamaha kwa kuwa kuna mtu aliyemwandikia barua kwamba hana uwezo. Barua hiyo hutoka kwa uongozi wa kijiji chake. Mzee mwenye mtoto aliyesoma atapewa barua siku ile ile. Mjane anayekaa pembeni mwa kijiji, ambaye hajui hata kwamba barua hiyo yapatikana, atauza mbuzi wake. Hapa ndipo penye kiini cha somo letu: sheria hutungwa Dodoma, lakini jina la maskini huandikwa kijijini, na lisipoandikwa kijijini, hapana Waziri awezaye kuliandika.

Kadhalika na zile kuta. Kijiji chenye pamba nyingi au samaki wengi kitapandisha boma la zahanati mapema, na Serikali italikuta tayari na kulimalizia. Kijiji kilicho maskini zaidi, ambacho ndicho kinachohitaji zaidi, boma lake hukaa bila bati mvua baada ya mvua. Mpango ulikuwa mwema, ila ulimpa kwanza yule aliyekuwa na kitu mkononi.

Sasa tuje kwenye kichocho, maana ugonjwa huu wafundisha vizuri kuliko maneno mengi. Nassa iko kando ya ziwa. Mwambao wa ziwa una kichocho cha matumbo; katika vijiji vya bara, upande wa Bariadi na Maswa, ambako watu hutumia mabwawa na malambo ya mvua, kuna kichocho cha mkojo. Vyote viwili hutoka kwa konokono wa majini, na vijidudu vyake huingia kwa kupenya ngozi ya mtu aliyemo majini. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya kumeza, nayo hugawiwa bure. Hugawiwa wapi? Shuleni. Watoto hupangwa mstari, hupimwa urefu kwa fimbo yenye alama, na alama huonyesha idadi ya vidonge. Kazi hii ni njema sana, nayo imewaponya watoto wengi.

Lakini tazama nani hayumo katika mstari ule. Mvuvi ashindaye majini hayumo. Mama afuaye nguo ziwani hayumo, wala mtoto wake mdogo anayeogeshwa karibu naye. Hayumo mkulima wa mpunga. Tena hayumo mtoto asiyepelekwa shule, naye mara nyingi ndiye mtoto wa mtu maskini kuliko wote. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu yeyote. Mpango uliwatazama watoto wa shule, kwa kuwa huko ni rahisi kuwapata. Mwezi wa Februari mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: mahali ambapo watu kumi au zaidi katika kila mia wana kichocho, dawa na itolewe kila mwaka kwa watu wote kuanzia miaka miwili, si wanafunzi peke yao. Lakini mwongozo wa Geneva haushuki wenyewe mpaka mwaloni. Lazima wako watakaosema katika wilaya yao: sisi hapa tuna mialo mingapi, na mwaloni dawa itagawiwa siku gani, na saa ngapi, kwa kuwa wavuvi hulala mchana?

Tena kuna jambo ambalo watu huona haya kulitaja, nasi twaona ni vibaya zaidi kulinyamazia. Kichocho cha mkojo huweza kudhuru via vya uzazi vya mwanamke. Yeye hupata maumivu na damu, majirani hunong'ona kwamba ana ugonjwa wa zinaa, hata mumewe humshuku. Ametukanwa kwa ajili ya maji aliyotumwa kuyateka. Walimu wa dini wanaosikia mashauri ya ndoa inawapasa walijue jambo hili.

Labda mtu atauliza kama zahanati ndogo ya kijiji yaweza kufanya jambo kubwa. Jibu tunalo hapa hapa kwetu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika mkoa wa Mwanza, ambao Nassa ilikuwa ndani yake siku zile, zilichaguliwa jamii 12. Katika 6, waganga wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa vizuri, na dawa zikaletwa pasipo kukatika. Zile 6 nyingine ziliendelea kama desturi kwanza, ili matokeo yalinganishwe. Habari zilipotangazwa mwaka 1995, dunia ya waganga ilishangaa: maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu karibu 40 katika kila 100. Haikujengwa hospitali kubwa. Zilikuwa nyumba zile zile ndogo, mganga aliyefundishwa, na dawa zisizokatika.

Basi dawa zisikatike. Hilo lasimamiwa na nani? Kila zahanati ya Serikali ina kamati ya usimamizi, na baadhi ya wajumbe wake ni wanakijiji wa kawaida waliochaguliwa. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 fedha za Serikali huingia moja kwa moja katika akaunti ya zahanati yenyewe, na kamati hukaa kuzungumza matumizi yake. Dawa huagizwa Bohari ya Dawa. Zikikosekana huko, zahanati yaweza kununua kwa mshitiri, yaani mfanya biashara aliyekubaliwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo neno “dawa hakuna” lina maswali ndani yake: ziliagizwa lini? Zilifika ngapi? Fedha zilizobaki zilinunua nini? Hayo si maswali ya ukaidi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yamfanya kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, nao wapaswa kukutana kila miezi mitatu. Mjane aweza kusimama pale na kuuliza, sawasawa na mwenye ng'ombe mia.

Wasukuma hawahitaji kufundishwa na wageni jinsi ya kudai kipimo cha haki. Karibu na mwaka 1950 wakulima wa pamba waliona kwamba mizani ya wanunuzi inawaibia. Walilalamika, ni kweli, lakini zaidi ya kulalamika waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wajuao kusoma na kuandika, wapime mzigo kabla haujafika kwa mnunuzi. Kutoka katika mizani ile vilizaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 kile chama kikubwa cha Victoria Federation. Nguvu yao ilikuwa katika hesabu. Aliyesema “mnatuibia” alifukuzwa; aliyesema “mzigo huu una ratili kadha, nawe umeandika kadha” ilikuwa vigumu kumjibu. Ndivyo ilivyo na zahanati. Mwanakijiji mwenye daftari lenye tarehe za siku ambazo dawa ya malaria ilikosekana atasikilizwa kuliko kumi wapigao kelele.

Lipo jambo moja jipya ambalo limefanya somo hili kuwa la haraka. Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa Bungeni mara ya kwanza mwezi wa Septemba 2022. Wengi waliupinga, ndani ya Bunge na nje, hasa kwa ajili ya kiasi cha fedha ambacho kila nyumba ingetakiwa kutoa. Ukarudishwa kutengenezwa, wala haukupitishwa mpaka Novemba 2023. Sheria iliyopatikana imeweka mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo, na fedha zake zichukuliwe katika kodi za vitu kama soda, pombe na vipodozi. Hili twalisifu. Lakini swali la yule mjane limerudi pale pale: nani atamwandika? Katika TASAF nyumba maskini hutajwa mbele ya mkutano wa kijiji. Njia hiyo ni nzuri mahali ambapo watu wasema kweli mbele ya wenye nguvu, na ni mbaya sana mahali ambapo kila mtu amtaja shemeji yake.

Na wale watakaolipa wenyewe, je? Mfuko wa Afya ya Jamii uliotengenezwa upya mwaka 2018 ulitoza nyumba ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka. Mtu wa mshahara ataona ni kidogo. Lakini mkulima wa pamba hupata fedha mara moja, msimu ufunguliwapo, tangu mwezi wa Mei. Mwezi wa Februari hana hata ya chumvi, na huo ndio wakati wa mvua na mbu. Ukimwomba mchango Februari utasema hataki bima. Mwombe Julai, kwenye kituo cha kununulia pamba. Neno dogo kama hili halijulikani katika ofisi iliyo mbali, lakini kila mtu wa Nassa analijua, na diwani wake aweza kulipeleka katika baraza la wilaya pale Nyashimo.

Walimu wa dini wanajua kusoma, wanajua nyumba za watu, na huingia katika nyumba ambazo viongozi hawaingii. Tangu mwaka 1992 makanisa yana mapatano na Serikali juu ya kazi za afya, kwa hiyo mtu wa kanisa azungumzaye habari za zahanati hajiingizi katika mambo ya wengine. Lakini asijifanye msemaji wa maskini hali maskini mwenyewe yupo na ana kinywa. Amsindikize mpaka mkutanoni, akae karibu naye.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Katika kijiji chetu, mkutano mkuu wa mwisho ulikuwa lini, na mapato na matumizi ya zahanati yalisomwa? Wajumbe wa kamati ya zahanati ni akina nani, na kati yao wako wanawake wangapi? Watajeni wazee watatu wa mtaa wenu wasio na barua ya msamaha, kisha semeni nani atakwenda kwao kabla ya Jumapili ijayo.