Wanaowasaidia wanafunzi walemavu nao wafundishwe



Ndugu msomaji, mlemavu ambaye wengi wetu tunamkumbuka ni yule wa Ijumaa. Tukitoka msikitini tunamkuta mlangoni, tunampa tulichojaaliwa, tunapita. Hilo ni jema na sadaka haipotei. Lakini yupo mlemavu mwingine ambaye hatumkuti mlangoni pa msikiti, kwa sababu yuko darasani. Huyu haombi fedha. Anachokosa ni mtu wa kumsomea kilichoandikwa ubaoni, kumwonesha njia ya maabara, au kumwazima daftari kwa kuwa hakusikia mwalimu alivyosema.

Mara nyingi anayefanya kazi hiyo ni mwanafunzi mwenzake. Mwalimu mwenye darasa la watoto themanini humwita mtoto mmoja mwenye moyo mzuri akamwambia: "Wewe utakuwa unamsaidia mwenzako." Basi, kazi imekwisha. Hakuna aliyemfundisha namna ya kusaidia, wala aliyemwambia mipaka yake. Hoja ya makala hii ni kwamba huruma peke yake haitoshi. Kusaidia ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa.

Aliyekuja kutafuta elimu

Tunaisoma Surat Abasa tangu tukiwa watoto. Aya zake za mwanzo (80:1-10) ziliteremka kwa sababu ya Abdullah Ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona, aliyemjia Mtume (s.a.w.) wakati akizungumza na wakubwa wa Makuraishi. Tuzingatie alichokijia. Hakuja kuomba chakula wala nguo, alikuja kutaka kufundishwa. Na kwa ajili ya haki yake hiyo ya kufundishwa zikateremka aya zitakazosomwa hadi siku ya Kiyama.

Tena, katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, mtu asiyeona alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa hana mtu wa kumwongoza kwenda msikitini. Tusiingie hapa katika hukumu ya swala ya jamaa, ambayo mafaqihi wameieleza kwa urefu. Tutazame namna alivyolieleza tatizo lake. Hakusema tu kuwa haoni. Alisema hana kiongozi wa njia. Kikwazo alichokitaja ni cha watu kukiondoa.

Kisha tuangalie adhana. Mtume (s.a.w.) alikuwa na waadhini zaidi ya mmoja Madina, na Ibn Umm Maktum alikuwa mmoja wao. Bilal akiadhini mapema kabla ya alfajiri, Ibn Umm Maktum akiadhini alfajiri inapoingia. Kwa kuwa haoni, katika Bukhari imepokewa kuwa alikuwa haadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha.

Hapo, ndugu msomaji, pana somo zima la msaidizi. Watu walimpa kile kimoja alichokikosa, yaani habari ya kupambazuka. Hawakumwambia akae pembeni wamwadhinie kwa kuwa wanamhurumia. Adhana aliadhini mwenyewe. Msaidizi mzuri shuleni ni huyo anayempa mwenzake kinachokosekana tu, na kazi yenyewe akamwachia mwenyewe.

Nani achaguliwe

Kwanza, mwenye ulemavu aulizwe. Yeye ndiye anayejua anataka msaada gani, na kwa nani anajisikia salama. Kumpangia mtu bila ridhaa yake ni kumdhalilisha, hata kama nia ni njema.

Pili, msaidizi ajitolee, asilazimishwe wala asipewe kazi hiyo kama adhabu.

Tatu, wasiwe mmoja. Wawe wawili au watatu wa kupokezana kwa wiki au kwa somo. Mtoto mmoja akibebeshwa mzigo wote, mwisho yeye hufeli na mwenzake hujiona ndiye sababu. Tena siku msaidizi akiugua, mwenye ulemavu asibaki nyumbani.

Nne, wavulana wasaidiwe na wavulana na wasichana na wasichana. Mbali na adabu ya dini yetu, hiyo ni kinga dhidi ya udhalilishaji, kwani watoto wenye ulemavu ni rahisi zaidi kuonewa na ni vigumu zaidi kusikilizwa.

Afundishwe nini

Kanuni ya kwanza kwa wote ni kuuliza kabla ya kugusa. "Nikusaidie? Vipi?" Akikataa, aachwe. Mengine hutegemea aina ya ulemavu.

Kwa asiyeona, kosa kubwa ni kumvuta mkono au kumburuza kwa fimbo yake. Inavyotakiwa, yeye ndiye anayemshika msaidizi, juu kidogo ya kiwiko, na msaidizi hutangulia nusu hatua. Hivyo huhisi mwili wa mwenzake unapopinda au kupanda. Penye ngazi, msaidizi asimame na kusema kama ni za kupanda au kushuka. Akifika aseme jina lake, na akiondoka aage, asimwache mwenzake akizungumza na hewa. Kumkalisha, inatosha kumwekea mkono kwenye egemeo la kiti, atakaa mwenyewe. Darasani, asome kwa sauti ya chini kila kinachoandikwa ubaoni, pamoja na michoro: mstari unaanzia wapi, unapanda au unashuka. Kazi ya kuandika kwa nukta nundu ni ya mwenyewe.

Kwa asiyesikia, kupiga kelele hakusaidii. Msaidizi amguse begani au ampungie mkono, amtazame usoni, asimame penye mwanga na asizibe mdomo. Wakizungumza wengi, amwoneshe nani anayesema. Na akumbuke kuwa kiziwi hawezi kutazama mikono au midomo na kuandika kwa wakati mmoja, kwa hiyo daftari la msaidizi ni haki yake. Zaidi ya yote, msaidizi ajifunze lugha ya alama, na ni vizuri darasa zima lijifunze japo kidogo. Inauma mtoto kukaa na wenzake miaka minne bila ya mtu wa kumtania.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, kiti ni kama sehemu ya mwili wake. Hakisukumwi bila idhini wala hakitundikwi mabegi. Breki zifungwe kabla hajahamia kiti kingine. Mteremko mkali hushukwa kinyumenyume, msaidizi akiwa upande wa chini, ili mwenzake asitupwe mbele.

Kwa mwenye ualbino, wengi wao macho yao huona kwa shida. Akae mbele, mbali na dirisha linalopiga jua, na asomewe ubao pale asipouona. Kofia na mikono mirefu aruhusiwe hata kama si sare. Na kwa yale yaliyotokea nchini kwetu, hasa kuanzia mwaka 2007, watu hawa walipouawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, kumsindikiza njiani ni jambo la uhai.

Kwa mwenye kifafa, msaidizi aondoe vitu vinavyoweza kumuumiza, amwekee kitu laini chini ya kichwa, na mshituko ukitulia amlaze ubavu. Asimbane, asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Atazame saa: ikipita dakika tano, apelekwe hospitali haraka. Na wanafunzi waambiwe wazi kuwa kifafa hakiambukizi kwa mate.

Kwa mwenye ulemavu wa akili, maelekezo yatolewe moja moja kwa maneno mepesi. Halafu msaidizi angoje. Kungoja ndiko kugumu kuliko yote, maana wengi wetu tunamalizia sentensi ya mtu kabla hajaimaliza.

Mipaka

Msaidizi ni mwanafunzi, si mtumishi wala mwalimu. Asimwandikie mwenzake majibu. Asimpe dawa. Asimbebe kwenye ngazi, kwani wote wawili wanaweza kuvunjika. Mambo ya chooni na usafi wa mwili yawe juu ya mtu mzima aliyeteuliwa, kwa kulinda stara. Siri ya mwenzake ni amana. Akiona ananyanyaswa, aende kwa mwalimu siku hiyo hiyo.

Na shule nayo ina mpaka wake. Isitumie wasaidizi kama kisingizio cha kutoajiri mwalimu wa elimu maalumu, kutojenga njia ya kiti cha magurudumu au kutonunua vitabu vya nukta nundu. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Elimu ya mtoto huyu ni haki kisheria, haitegemei wema wa jirani yake wa dawati.

Shule zetu zianzie wapi

Mafunzo yenyewe hayahitaji mfadhili kutoka nje. Siku tatu au nne za baada ya vipindi zinatosha kuanza. Wakaribishwe walimu wenye uzoefu. Hapa Dar es Salaam, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko imekuwa ikisomesha watoto wenye ulemavu na wasio nao pamoja kwa miaka mingi. Waalikwe pia wenye ulemavu wenyewe kupitia vyama vyao, kama Chama cha Viziwi, Chama cha Wasioona na shirikisho lao, SHIVYAWATA. Wanafunzi wafungwe vitambaa machoni waongozane uani, ili waonje kuvutwa na waonje kuongozwa. Baada ya hapo wakutane na mwalimu kila mwezi, na wa kwanza kuulizwa awe yule anayesaidiwa: ni lipi linamfaa na lipi linamkera?

Nazisemea hasa shule za sekondari za Kiislamu na madrasa zetu. Katika madrasa, mwanafunzi mkubwa kumsomesha mdogo ni jambo tulilolizoea. Basi tulipanue limfikie na asiyeona na asiyesikia. Tujiulize: katika madrasa ya mtaa wetu, watoto wenye ulemavu ni wangapi? Kama hakuna, si kwamba mtaani hawapo. Wako majumbani, na wazazi wao wameshakata tamaa kwamba kuna atakayewapokea.

Sheikh Abdul Aziz bin Baz alipoteza uwezo wa kuona akiwa kijana, na mwaka 1993 akawa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia. Kwa miaka hiyo yote walikuwepo watu wa kumsomea vitabu. Wao walisoma kwa macho yao, na elimu ikawa yake. Huenda katika nyumba ya jirani yetu yumo mtoto ambaye angekuwa alimu, daktari au mwanasheria, na kinachomchelewesha ni kukosa wa kumwambia kuwa kumekucha.

Allah (s.w.) atuwafikishe. Amin.