Mgombea wa bangi na nyoka

Swali: Mwaka 2022 vijana wengi mtaani kwetu walimshangilia George Wajackoyah, mgombea urais wa Kenya, lakini kura zake hazikuonekana. Je, mgombea wa aina yake anaweza kweli kuwavuta wapiga kura waliogawanyika?

Jibu: Anaweza, ila si kwa vichekesho pekee. Wajackoyah aliahidi kuhalalisha bangi, kufuga nyoka na hata kuuza nje korodani za fisi. Vijiweni hakuna aliyemfikia. Debeni alipata kura 61,969, asilimia 0.44, huku William Ruto akimshinda Raila Odinga kwa 50.49 dhidi ya 48.85.

Ushindani ukiwa mkali hivyo, anayekupenda huona kukupa kura ni kuitupa. Isitoshe, Ibara ya 138 ya Katiba ya Kenya inadai zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Bila mawakala na watu wa kukunadi Garissa, Kisii na Kwale kwa pamoja, hufiki.

Lakini Ukraine mwaka 2019 mchekeshaji Volodymyr Zelensky alipata asilimia 73 katika duru ya pili, mashariki na magharibi. Alikwepa ugomvi wa lugha na utambulisho, akashikilia ufisadi, kero ya pande zote mbili. Wajackoyah naye aliahidi kuwanyonga mafisadi. Sidhani wengi walimsikia, fisi walishamfunika.