Wikendi Londiani: Salimia, Kula, Tembea

Ukitoka Nakuru kwenda Kericho, matatu nyingi hupita Londiani Junction kana kwamba hakuna kitu. Wikendi hii, wewe shuka. Panda boda hadi mjini, ni kilomita chache tu, utafute chumba kabla giza halijaingia. Lala siku mbili.

Beba sweta nzito na koti la mvua. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri haina mzaha. Mvua hupenda kuja alasiri. Kwa hiyo tembea asubuhi, alasiri ukae hotelini na chai ya maziwa.

Kiswahili kitakufikisha popote. Hata hivyo, jifunze maneno machache ya Kipsigis ukiwa bado kwenye matatu. Salamu ni "chamgei". Asante ni "kongoi", na ukishiba vizuri sema "kongoi mising". Ukiaga, "saisere". Bibi mzee mwite "kogo".

Toa mkono, salimia, ndipo uulize njia au bei. Ukianza na swali utajibiwa, lakini ukianza na salamu utaonyeshwa hata njia ya mkato.

Sasa chakula, na hapa usiwe na haraka. Agiza ugali, ambao wenyeji huuita kimnyet, pamoja na mboga ya managu au saga iliyopikwa kwa maziwa. Kama kuna kuku wa kienyeji, agiza mapema kisha uende matembezi. Atachukua muda.

Mursik ndiyo hasa ya kuitafuta. Ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu, yaani sotet, ambacho kwanza husuguliwa ndani kwa kaa la mti maalumu. Ukiona vidoa vya kijivu, usishtuke: ni mkaa huo, nao ndio unaoleta harufu na ladha. Muulize anayeuza kama maziwa yalichemshwa. Tumbo lako likiwa geni, anza na nusu glasi, tena pamoja na ugali. Ukibeba ya nyumbani, usijaze chupa hadi mdomoni. Mursik huendelea kuchacha njiani, na kifuniko kinaweza kuruka ndani ya begi.

Asubuhi ya kwanza iwe ya mjini na msituni. Pitia upande wa reli. Reli hii ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi mizigo ya Eldoret ilishushwa Londiani ikavutwa kwa mikokoteni ya ng'ombe, mpaka Eldoret ilipopata reli yake mwaka 1924. Mji huu mdogo ulilisha nyanda nzima za Uasin Gishu.

Londiani pia ndipo kilipo Chuo cha Misitu cha Kenya, tangu 1957. Ukitaka kuingia msituni, pita kwanza kituo cha misitu, ulipe ada kama ipo, na uombe mtu wa kukuongoza. Usiingie peke yako. Njia za wakata miti zinafanana mno.

Siku ya pili nenda Kericho mapema asubuhi, kama saa moja kwa matatu. Kaa dirishani, kwa sababu mashamba ya majani chai yatakuja pande zote mbili. Ukitaka kuwapiga picha wachumaji, omba ruhusa kwanza. Wako kazini na hulipwa kwa kilo.

Mjini Kericho anza na Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililokamilika mwaka 2015. Ingia ndani uinue macho: matao yake yanapanda kadiri unavyosogea altareni. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa majengo mazuri kabisa nchini.

Kisha nenda gurudwara (hekalu la Sikh) ya Baba Puran Singh. Vua viatu, funika kichwa, nyamazisha simu. Utakaribishwa chakula bila malipo, dengu na chapati, uwe wa dini yoyote. Chukua unachoweza kumaliza.

Weka pesa kwenye M-Pesa, lakini uwe na sarafu za boda na za soko.

Jumapili hiyo anza safari ya kurudi kabla ya saa sita mchana. Jioni barabara ya Nakuru hadi Nairobi hujaa magari, nawe Jumatatu una kazi.